Ziara ya Chuo Siku ya Mechi

Kila siku ya shule huwasha basi langu la njano kukiwa bado giza, na mtoto wa kwanza kumpakia ni Tessa, binti wa kaka yangu Duane. Kwao ni mwisho kabisa wa barabara ya changarawe, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Ana miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Huku kwetu Wisconsin, Marekani, vijana wa umri huo huendesha magari yao wenyewe kwenda shule, na huona aibu hata kuonekana karibu na basi. Tessa hajali. Anapanda, ananiambia, "Shikamoo, shangazi," anakaa kiti cha nyuma yangu, anaegemeza kichwa dirishani, na kabla sijabadili gia amekwisha lala.

Simlaumu. Wakati huo mtoto wa watu anakuwa ameshakamua ng'ombe. Kaka ana ng'ombe wa maziwa karibu themanini, na wakamuaji ni wawili, yeye na Tessa. Mashine wanazo, ndiyo, lakini mashine haijifungi yenyewe kwenye kiwele. Lazima mtu amfute ng'ombe chuchu, amkamue kidogo kwa mkono aone kama maziwa ni mazima, amfunge mashine, amvue, kisha aende kwa mwenzake. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, Krismasi hivyo. Wifi yangu Carla, mama yake Tessa, yuko kiwanda cha jibini mjini na huwa na zamu hata Jumamosi. Hiyo ndiyo nyumba yao. Watu wazuri, wachapakazi, na wote wanatembea wakisinzia.

Sasa watu wa kwetu wana tabia moja, na naisema kwa sababu na mimi ni wa huko huko. Hawasemi kwamba wamechoka. Mtu anachechemea, macho mekundu, ukimuuliza hali anakujibu, "Hatulalamiki." Kaka ndiye bingwa wao. Siku lango la zizi lilipombana vidole viwili vikavunjika, alimjibu daktari vivyo hivyo, "Hatulalamiki," huku mkono umevimba kama andazi. Na mtoto anajifunza kwa kuona.

Tessa anataka kuwa daktari wa mifugo. Si jana wala juzi, tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Kuna chuo kikuu kinaitwa Brandt, mwendo wa saa nne kwa gari kwenda kusini, ambacho kinafundisha kazi hiyo na kina banda lake la ng'ombe. Na desturi ya kwetu ni kwamba mtoto akifika mwaka wa mwisho, familia hufunga safari kwenda kukiona chuo kabla ya kuomba nafasi. Unajiandikisha kwenye tovuti yao, wanakupa siku na saa, na mwanafunzi wa pale anawatembeza. Huyo mwenyeji hutembea kinyumenyume ili awaangalie usoni, na wazazi hukaa wakiomba asijikwae. Mnaona mabweni, mnaonja chakula, akina mama wanauliza maswali ya kuwatia watoto wao aibu, basi, mnarudi nyumbani.

Kaka hakuwa anaitaka safari hiyo. Siku moja tukiwa mezani, tunakula viazi na nyama ya kusaga, aliweka uma chini akasema, "Sikilizeni. Sitasema ndiyo wala hapana mpaka nipaone kwa macho yangu. Pakinipendeza, Tessa aombe nafasi. Pasiponipendeza, atasoma chuo cha mjini hapa, anakuja kulala nyumbani."

Chuo cha mjini hakifundishi udaktari wa mifugo. Tessa alijua, mimi nilijua, na baba yake alijua pia.

"Tutakwenda lini?" Carla aliuliza.

"Jumamosi ile baada ya kuvuna mahindi. Nina siku hiyo moja tu. Baada ya hapo baridi inaingia na mwisho wa kuomba nafasi unakuwa umepita. Nimeshamwomba Mzee Orville anikamulie jioni." Orville ni jirani yetu, mtu mzima, nyonga yake mbovu, na kumwomba akamue ng'ombe themanini ni jambo unalofanya mara moja maishani. Kaka akamgeukia binti yake. "Kutuandikisha ni kazi yako. Wewe ndiye unayetaka kusoma."

"Sawa, baba."

Wiki ikapita. Kaka akauliza, "Umeshatuandikisha?"

Tessa alikuwa na mkate mdomoni. "Tayari," akasema.

Ukweli ni kwamba hakuwa amejiandikisha. Nilikuja kuyajua hayo baadaye, lakini nawaambieni sasa hivi tusizungushane. Kila jioni baada ya kukamua na baada ya kazi za shule alishika simu ili ajiandikishe, na kila jioni usingizi ulimchukua kabla ukurasa haujafunguka. Alimwambia baba yake "tayari" akikusudia kujiandikisha siku hiyo hiyo. Siku tatu baadaye alipoufungua ule ukurasa, ukamwambia kwamba Jumamosi ile hakuna ziara. Hakusoma sababu. Akafunga simu, akajiambia watafika tu na kujipenyeza kwenye kundi la watu wengine.

Pale pale ndipo alipotakiwa kusema. Baba, nimechelewa, siku hiyo hakuna ziara, tufanyeje? Maneno machache tu. Hakuyasema, na uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Mimi mwenyewe nilimuuliza ndani ya basi, "Ziara inaanza saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, shangazi."

"Tunakutania wapi?"

"Pale kwenye jengo kubwa."

"Majengo ya chuo yote makubwa, we mtoto!"

Akacheka kidogo, akageukia dirishani, akajifanya amelala. Mimi nikaendesha basi langu.

Jumamosi ikafika. Walikamua mapema kuliko kawaida. Kaka akatoka amevaa shati lake la harusi na mazishi, kajipulizia manukato mpaka ng'ombe wangemkimbia. Carla akatufungia mikate ya jibini na tufaha, akambusu binti yake, akasema, "Uulize kila kitu, usione haya," kisha akakimbilia zamu yake. Dereva nilikuwa mimi. Kaka angeshika usukani tungeamkia mtaroni. Hata hatujatoka nje ya wilaya alikuwa anakoroma, kofia usoni.

Nikatazama kwenye kioo. Tessa alikuwa macho. Mtoto huyo hajawahi kukaa kwenye gari langu asilale, na leo amekaa wima, anang'ata kidole. Nikadhani ni furaha ya kwenda kuona chuo. Kumbe!

Tulipoukaribia mji wa chuo, magari yakaanza kuwa mengi. Kisha yakawa mengi mno. Kisha tukasimama kabisa. Kila gari lilikuwa na bendera ya zambarau. Wanaume wazima na vitambi vyao wamejipaka uso rangi ya zambarau. Kwenye uwanja wa nyasi kando ya barabara watu walikuwa wamefungua milango ya nyuma ya magari yao, wanachoma soseji asubuhi yote ile, moshi umetanda, muziki juu.

"Kuna nini hapa?" kaka akaamka. "Kuna sherehe gani?"

Nikateremsha kioo nikamwita askari wa barabarani, kijana mmoja mwenye filimbi shingoni. "Samahani, afande. Watu wote hawa wanakwenda wapi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua ni kitu gani. "Mama, leo mechi! Brandt wanacheza nyumbani!"

Hapo nikaelewa. Mpira wenyewe ni huu wetu wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi huku wenzako wanakuangusha. Kwetu kaskazini tunaushabikia, lakini sisi ni watu wa timu kubwa inayocheza Jumapili. Mechi za vyuo, za Jumamosi, hatuzifuatilii, Jumamosi tuna kazi. Ratiba yao tungeijulia wapi?

"Sisi tumekuja kwa ziara ya chuo," nikamwambia.

"Ziara? Leo?" Askari akacheka mpaka filimbi ikatikisika. "Siku ya mechi ya nyumbani hakuna ziara, mama. Ofisi zote zimefungwa. Hata pa kuegesha gari hutapata."

Kaka akainama kutoka upande wake. "Kijana, umekosea. Binti yangu ametuandikisha. Saa nne."

Askari akamtazama Tessa pale nyuma. Mimi nikamtazama. Kaka akageuka, taratibu, akamtazama. Tessa alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Sogeza gari, mama," askari akasema, kwa upole sasa. "Mnazuia watu."

Nikasogeza. Tulipata nafasi kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa anaegesha magari ya watu kwenye nyasi zake. Nikazima injini. Kwa mbali zilisikika kelele za tarumbeta.

"Tessa," kaka akasema bila kugeuka, "ulituandikisha?"

"Hapana, baba."

"Uliniambia tayari."

"Nilidanganya."

Akaeleza yote, simu, usingizi, ukurasa aliousoma nusu. Alieleza akilia, na pua ikimtiririka, na mimi nikampa leso kwa hasira, kama mtu anayetupa kitu. Kaka akafungua mlango, akaenda akasimama kwenye uzio wa yule mama, katupa mgongo.

Mimi nilisema. Ah, nilisema! "Wewe mtoto una akili kweli? Unajua baba yako mara ya mwisho kutoka nyumbani siku nzima ni lini? Huna kumbukumbu nayo, ulikuwa hujazaliwa! Mzee wa watu na nyonga yake anajiandaa kukamua ng'ombe themanini, sisi tumekuja kunusa soseji! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, shangazi."

"Uliogopa nini? Baba yako amewahi kukupiga?"

"Niliogopa angeona siwezi." Akajifuta pua. "Ningemwambia nimeshindwa kujiandikisha kwa sababu ya uchovu, angesema, hapa tu nyumbani unachoka, huko chuoni je? Angenikatalia. Basi nikasema tayari."

Hasira haikuniisha, lakini ilikaa upande mmoja. Nilimwona jinsi alivyokonda usoni, na ile mikono yake iliyopasuka kwa maji baridi na dawa ya kufutia chuchu, nikaona uchungu. Sisi watu wazima tulikuwa tunamwona kila siku amelala dirishani na tukaita hiyo bidii.

Kaka akarudi. Akakaa, akafunga mkanda. "Turudi nyumbani," akasema.

Tessa alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijua maana yake. Siku ilikuwa moja, na ndiyo hiyo inakwisha.

"Baba, subiri," akasema. "Ng'ombe wao."

"Ng'ombe wao wamefanya nini?"

"Lazima wakamuliwe. Mechi isiwe, mechi iwe. Ofisi zimefungwa, lakini bandani lazima kuna mtu."

Hilo kaka hakuweza kulibishia. "Wanakamua saa ngapi?"

Tessa akafungua mdomo, akaufunga. "Sijui, baba. Sijui, na sitasema najua."

Kaka akanitazama. Mimi nikainua mabega. Akaushika mkanda wake kwa muda, kisha akasema, "Haya. Twendeni tukaone. Lakini utaongea wewe mwenyewe, Tessa. Na utasema ukweli wote, hata kama tutafukuzwa."

Banda lile halikuwa gumu kulipata. Tulikwenda upande ambao watu wote walikuwa wanautoka, na baadaye pua ikatuonyesha. Lilikuwa ukingoni mwa chuo, jengo refu la bati, safi, mbele yake dada mmoja mwenye gambuti na ovaroli anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Nywele kazifunga kitambaa, macho yamemwingia ndani. Baadaye alitwambia jina lake, Paulina, mwaka wa tatu.

Tessa akamwendea peke yake. Sisi tulisimama nyuma, tunasikia.

"Samahani, dada. Naitwa Tessa Kowalke. Sina miadi. Nilimwambia baba yangu kwamba nimetuandikisha kwa ziara, na nilimdanganya. Ametoka mbali na ana siku hii moja tu. Naomba kama tunaweza kuona banda."

Paulina akafunga maji. Akamwangalia Tessa, akatuangalia sisi, akaangalia viatu vyetu. "Mnafuga?"

"Ndiyo, ng'ombe wa maziwa."

"Basi ndani hamwingii," akasema. "Pole, mdogo wangu. Bila miadi mgeni haruhusiwi, hasa anayetoka kwenye zizi lingine. Mnaweza kutuletea ugonjwa hapa bila kujua."

Lakini kaka, kwa mara ya kwanza siku ile, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Sahihi kabisa," akasema. "Hata mimi ningewafukuza."

Paulina akacheka kidogo. "Kuna dirisha la kioo upande ule, watoto wa shule huja kutazamia hapo. Hilo halina miadi. Hapa tunakamua mara tatu kwa siku, na zamu ya mchana tunaianza sasa hivi. Wenzangu wamekwama kwenye foleni ya mechi, kwa hiyo mtaniona mimi na mwenzangu mmoja tu tunavyokimbizana."

Tukasimama kwenye kioo. Nawaambia, mimi miguu iliniuma, nikakaa kwenye ngazi. Wao wawili hawakukaa. Kaka alibandika paji la uso kwenye kioo kama mtoto kwenye duka la keki. Waliangalia ng'ombe wakiingia, wakifutwa, wakifungwa mashine. Mara kaka anauliza, Tessa anajibu, mara Tessa anauliza, kaka anajibu. Kila ng'ombe alikuwa na kidude shingoni kinachopeleka habari zake kwenye kompyuta, na kaka akasema, "Tazama wale, wana simu kunishinda mimi." Nilikuwa sijamsikia akitania tangu majira ya joto.

Walipomaliza, Paulina akatoka, akapindua ndoo akakaa juu yake. Tukampa mkate wa jibini. Aliumaliza kwa kuung'ata mara tatu.

"Hali, binti?" kaka akamuuliza.

"Nimechoka, mzee. Nimechoka sana."

Kaka akashtuka. Nilimwona. Ni kama mtu amevua shati mbele ya watu. "Unasema tu hivyo?"

"Sasa nisemeje?"

Kaka akang'ata tufaha lake.

"Zamani nilikuwa sisemi," Paulina akaendelea. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakamua alfajiri, nasoma mchana, nakamua tena jioni. Mama akipiga simu, niko sawa. Mwalimu akiniuliza, niko sawa. Siku ya mtihani wa kemia nikalala juu ya karatasi. Nililala kabisa, na mate juu. Nikafeli. Mwalimu akaniita, nikadhani ananifukuza, nikalia, nikamwambia kila kitu. Mnajua alifanya nini? Akanipunguzia zamu. Basi. Dakika tano. Nilikuwa nimejitesa muhula mzima kwa jambo la dakika tano."

Tessa alikuwa anamsikiliza bila kupepesa. "Na ulipoondoka nyumbani," akauliza, "kazi zako nani alizifanya?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake siku zote, na hakuwahi kutuuliza sisi. Paulina akafuta mikono kwenye ovaroli. "Baba yangu anakamua ng'ombe wa tajiri mmoja huko kaskazini. Mimi nilikuwa namsaidia bila kulipwa. Nilipoondoka akamwambia bosi wake atafute mtu. Bosi akanuna, akatafuta. Ndama wananyonya mpaka leo."

Kaka akasimama akaenda kutupa kokwa la tufaha mbali sana, mbali kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya kuondoka Paulina akamwambia Tessa, "Jumatatu piga simu ofisi ya udahili. Usiandike ujumbe, piga. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Watu wa ofisini wanasikia uongo mwingi, ukweli unawashangaza."

Tulirudi garini. Kaka alikaa nyuma, pembeni ya binti yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Niliendesha, na masikio yangu yote yalikuwa nyuma.

"Tessa," akasema, baada ya kuupita mji, "umenidanganya, na imeniuma. Nimempotezea Orville siku yake, na shangazi yako. Ningeweza kusamehe kusahau. Hata kushindwa ningeweza. Lakini mtu akikuambia tayari, na si tayari, unaweka mguu mahali ambapo hapana sakafu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa na mimi nina la kusema." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Wale ng'ombe wetu wa mstari wa nyuma, mama yako ananiambia kila mwaka niwauze, tubaki na wachache. Nakataa. Namwambia bei si nzuri. Bei si sababu. Nawaweka kwa sababu nakuhesabu wewe. Nahesabu mikono yako kama vile ni yangu. Na mimi nimechoka, mwanangu. Nimechoka miaka mingi, na laiti ningekuambia, na wewe ungejua kwamba inasemeka."

Tessa alimlalia begani, analia tena, lakini kilio cha namna nyingine. Na mimi dereva wenu barabara ilianza kuniingia ukungu, ikabidi nipunguze mwendo.

"Uchovu si kosa," kaka akasema. "Ng'ombe akichoka analala chini na hakuna anayemcheka. Kosa ni kuuficha mpaka udanganye. Kesho ukichoka, sema siku hiyo hiyo, jambo likiwa bado dogo. Mimi nitajaribu hivyo hivyo, ingawa nimezeeka kujifunza."

"Na chuo, baba?"

"Chuo kinachomfukuza mtu mlangoni kwa ajili ya afya ya ng'ombe ni chuo kizuri. Omba nafasi."

Tessa alipiga kelele masikioni mwangu karibu tuingie mtaroni.

Jioni ile ile walikwenda kwa Mzee Orville, baba na binti, na Tessa akamwomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee alikuwa amelaza nyonga kwenye chupa ya maji moto. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Jumamosi ijayo utakuja kunipasulia kuni, tumemalizana." Na alikwenda, akapasua.

Jumatatu, kwa kuwa ofisi ya udahili hufunguliwa saa moja asubuhi, kabla ya basi nilisimama jikoni kwao nikamsubiri, na watoto wengine wote wa njia yangu walichelewa kidogo, wanisamehe. Tessa alipiga simu huku baba yake amekaa mbele yake na kikombe cha kahawa. "Naitwa Tessa Kowalke," akasema. "Nilimwambia baba yangu nimejiandikisha kwa ziara ya Jumamosi na sikuwa nimejiandikisha." Mama wa upande wa pili alicheka, kisha akamuuliza maswali, kisha akampa Ijumaa moja ya mwezi uliofuata, na ruhusa ya kutuma maombi yake kabla ya hapo. Safari hiyo angekwenda na mama yake, Carla alikwisha omba ruhusa kiwandani. Tessa aliandika tarehe, akaisoma kwa sauti, akaangalia mara mbili kama si siku ya mechi.

Aliporudi kutoka shuleni jioni, akaenda moja kwa moja kuvaa gambuti zake. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi kumrudishia Carla mabakuli yake niliyoazima. Kaka akamzuia mlangoni.

"Umechoka?"

Niliona jibu la kwetu linamjia mdomoni, lile lile la siku zote. Akalimeza.

"Ndiyo, baba. Sana."

"Basi kalale."

Akasimama pale, hajaamini, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi. Kisha akaivua, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Jioni ile kaka alikamua peke yake, akachelewa kula, mgongo ukamuuma na akatuambia kwamba unamuuma. Na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekufa.